Potifolio ya Kuombea Chuo cha Sanaa: Wapi Utoe Hela, Wapi Ubane

Ukiomba chuo cha sanaa nje ya nchi, cheti cha sekondari hakitoshi. Utatakiwa kutuma picha za kazi zako. Rhode Island School of Design ya Marekani, kwa mfano, hutaka kazi 12 hadi 20. Vyuo vingi sasa hupokea kwa mtandao, na madirisha mengi hufungwa kati ya Novemba na Februari. Kama hujaanza, muda nao ni gharama.

Anayekupima hatashika karatasi yako; ataiona kwenye skrini. Kwa hiyo hela iende kwenye kazi yenyewe na kwenye picha yake. Fremu, lamineshini na kitabu cha kuprinti chenye jalada gumu, achana navyo.

Karatasi. Ya fotokopi, gramu 80, ni rahisi na ipo kila steshenari, lakini ikiguswa na rangi ya maji hujikunja. Iwe ya mazoezi tu. Kwa penseli na mkaa wa kuchorea, gramu 160 hadi 200 zinatosha. Manila ya rangi ya kaki ni ya bei ndogo na inapendeza ukichora kwa mkaa na chaki nyeupe. Rangi ya maji inadai gramu 300, ambayo ni ghali na adimu. Bajeti isipofika, usiilazimishe: potifolio ya penseli, mkaa na akriliki inajitosheleza.

Nunua karatasi kubwa ukate mwenyewe. A1 moja hutoa A3 nne. Tuseme A1 ni shilingi 3,000 na A3 ni 1,200. Karatasi 20 za A3 zingekula 24,000. A1 tano ni 15,000. Umeokoa 9,000 kwa rula na wembe. Hakikisha tu muuzaji haikunji wakati wa kufunga, maana mkunjo hautoki.

Rangi. Boksi la rangi 12 linavutia, lakini vichupa vyake ni vidogo na nyeupe huisha kabla ya zote. Afadhali akriliki tano za chupa kubwa: nyekundu, bluu, njano, nyeupe na kahawia. Nyingine utachanganya. Akriliki hukauka haraka na huoshwa kwa maji. Rangi za mafuta hukaa siku nyingi bila kukauka na hudai tapentaini. Kwa mwenye haraka, hazifai.

Brashi tatu zinatosha: pana, ya kati na nyembamba. Zioshe kwa sabuni kila jioni. Akriliki ikikaukia kwenye nywele, umenunua kijiti.

Turubai au ubao. Turubai ya dukani, iliyokwisha kuwambwa, ndiyo hula bajeti. Si lazima uinunue: mchoraji Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi za enameli. Fundi seremala ana vipande vilivyobaki. Mpe chochote, vipige msasa, paka rangi nyeupe ya ukuta ya maji mara mbili, kisha uchore. Ubao ni mzito kuubeba, lakini picha yake haina uzito. Ila usinakili mtindo wa Tingatinga, wala picha za intaneti. Vyuo vinataka kuona jicho lako: sufuria zilizorundikwa, viatu mlangoni, bibi akichambua mchele. Hivyo vyote havilipiwi.

Kupiga picha. Machaguo ni matatu.

Skana ya steshenari ni nafuu, lakini nyingi huishia A4, na penseli hafifu hupotea. Inafaa michoro midogo ya wino.

Mpiga picha ana maana kwa kinyago, chungu au kazi kubwa kuliko A2. Mpelekee zote siku moja, mpatane bei ya mkupuo, na mkubaliane mapema kwamba utapewa faili halisi kwenye flashi. Wapo wanaodai hela ya pili kwa faili.

Simu, hata ya kuazima, inatosha kwa nyingine zote. Bandika kazi ukutani barazani asubuhi, kivulini, si juani. Zima flashi, futa lenzi, simu iwe sambamba na karatasi ili kingo zisipinde. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama faili, si kama picha, la sivyo itabanwa na ubora utashuka.

Gharama zilizojificha. Hapa ndipo wengi hukwama. Ada ya maombi hulipwa kwa kila chuo, na baadhi ya mifumo ya kupakia kazi hutoza yake juu ya hiyo. Vyuo vitano vya Marekani ni ada tano. Uingereza, kupitia UCAS, ada moja hubeba hadi machaguo matano. Ongeza makato ya kadi na ya kubadilisha fedha, na bando la kupakia. Kabla ya kulipa, uliza msamaha wa ada. Vyuo vingi vya Marekani vinao kwa wasio na uwezo, lakini asiyeomba hapewi.

Wakala anayedai kukupangia potifolio kwa mamia ya dola hana mlango wa siri. Masharti yote yapo kwenye tovuti ya chuo, bure. Mwonyeshe kazi zako mwalimu wa sanaa au msanii mtaani. Maoni yake yana thamani zaidi.

Tableti ya kuchorea? Si sasa, isipokuwa unaomba katuni za video au usanifu wa kidijitali. Folda ya A2 yenye mshikio inunuliwe ukiitwa usaili wa ana kwa ana tu. Mpaka hapo, makatoni mawili na kamba yanalinda vilevile.

Hela ikiwa kidogo kabisa, fuata mpangilio huu: karatasi nzito na penseli 2B, 4B na 6B kwanza; mkaa wa pili; akriliki za tatu; mpiga picha mwisho. Ada ya vyuo itenge pembeni tangu siku ya kwanza, na punguza vyuo kabla hujapunguza karatasi. Maombi matatu yenye kazi nzuri yana nafasi kubwa kuliko manane yenye kazi za kulipua.