Kumsaidia Mwenzako Darasani Kuna Mafunzo Yake

Ndugu msomaji, naomba nianze na kisa changu mwenyewe, ingawa si kisa cha kujivunia. Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu akanikabidhi mwanafunzi mgeni, mvulana wa rika langu ambaye alikuwa haoni. "Wewe una nguvu," aliniambia, "utakuwa ukimshika mkono." Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu yote.

Nami nilimshika kweli. Nilimkamata mkono kama askari amkamatavyo mwizi wa kuku, nikawa namkokota huku na huku, na kila aliyetupita alinisifu kwa moyo wangu mwema. Wiki ya pili, kengele ya mapumziko ilipolia, tulitoka mbio. Kando ya darasa palikuwa na mtaro wa maji ya mvua. Mimi niliuona, nikauruka; yeye hakuambiwa kitu. Alipasuka mdomo na kuteguka kifundo cha mguu. Mimi nilichapwa viboko vinne. Yeye hakurudi shuleni muhula ule wala uliofuata, na siku mama yake alipokuja kuchukua daftari zake alinipita mlangoni bila ya kunitazama.

Viboko vile, nadhani, havikuwa vyangu peke yangu. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amepewa dhamana ya mwili wa mwenzake bila ya kuelezwa hata namna ya kutembea naye. Na namna hiyo ipo, tena hufundishika katika muda mfupi kuliko kipindi kimoja cha hesabu. Anayeongozwa ndiye amshikaye mwongozaji, wala si kinyume chake. Humshika mkono juu kidogo ya kiwiko, akatembea nusu hatua nyuma yake, na kwa hiyo mwili wa anayetangulia humpa habari kabla mguu wake mwenyewe haujafika. Mwongozaji akishuka, naye huhisi kushuka. Akisita, naye husita. Penye njia nyembamba mwongozaji huupeleka mkono wake nyuma ya mgongo, na mwenzake humfuata kwa mstari mmoja. Penye ngazi au mtaro husimama kwanza na kusema ni nini kilicho mbele. Wakifika kwenye dawati hamkalishi mwenzake kama mzigo. Humwekea mkono kwenye ukingo wa dawati, akaketi mwenyewe. Na anapoondoka humuaga, maana hakuna fedheha kama kuzungumza na mtu aliyekwisha kwenda zake.

Laiti ningaliambiwa hayo siku ya kwanza!

Nchi yetu si ngeni katika kuwasomesha watoto wenye ulemavu. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianza mwaka 1950, na ile ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Hapa Dar es Salaam shule ya msingi ya Uhuru Mchanganyiko, kama jina lake linavyodokeza, imewasomesha kwa miaka mingi watoto wenye ulemavu pamoja na wasio nao. Mwaka 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo iwe mahali pa watoto wote. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilifuata njia hiyo hiyo. Lakini sheria humfikisha mtoto kwenye lango la shule. Kutoka langoni hadi kwenye dawati, na kutoka kwenye dawati hadi kuelewa kilichoandikwa ubaoni, ni kazi ya watu. Walimu wa elimu maalumu, kama wale wanaofundishwa katika chuo cha Patandi kule Arusha, hawawezi kuwa katika kila darasa, na mwalimu wa kawaida mwenye watoto themanini mbele yake hawezi kuwa kila mahali. Aliyepo daima ni mwanafunzi wa dawati moja.

Kumtumia mwanafunzi huyo si wazo la jana. Mwaka 1978, dunia ilipokuwa ikijiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979, mganga wa watoto David Morley na wenzake walianzisha mjini London mpango uitwao Mtoto kwa Mtoto, uliowafundisha watoto wa shule kuwatunza wadogo zao na wenzao. Huko Mexico mpango huo ulichukuliwa na David Werner, ambaye wasomaji wengi wanakijua kitabu chake kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari. Werner mwenyewe ana ulemavu wa misuli tangu utotoni, na mwaka 1987 alitoa kitabu kingine kinene kuhusu watoto wa vijijini wenye ulemavu.

Nilichokipenda katika mpango huo ni mahali unapoanzia. Hauanzi na hotuba ya huruma. Mtoto hufungwa kijiti mguuni ili goti lisikunjike, kisha hushindanishwa mbio na wenzake. Anashindwa, anachekwa, na baadaye huulizwa mbele ya wote: ulijisikiaje, na ulitaka tukufanyie nini? Mwingine huzibwa masikio na kutakiwa afuate mchezo. Kuna pia mchezo wa kupima usikivu, ambapo mtoto husimama mbali na kutaja majina ya wanyama, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na wadogo huwanong'oneza wenzao wakubwa walichosikia, nao wakubwa huandika. Anayekosa majina mengi huhamishiwa dawati la mbele. Ni watoto wangapi wamekuwa wakiitwa wazito wa akili, kumbe shida ilikuwa sikio!

Baada ya hapo huja mafunzo yenyewe, nayo hutofautiana kwa kadiri ya ulemavu. Chukua mtoto kiziwi. Ana macho mawili tu, na akiyaelekeza kwa anayemtafsiria kwa lugha ya alama, hawezi wakati huo huo kuandika. Msaidizi wake akiweka karatasi ya kaboni chini ya ukurasa wake, nakala ya somo hupatikana bila ya jasho. Ajifunze pia kumgusa bega kabla ya kusema naye, kumwelekea uso penye mwanga, na kutopiga kelele, kwa kuwa kelele huupinda mdomo na kumpoteza anayeusoma. Na darasa zima lijifunze alama, si msaidizi peke yake, ama sivyo mtoto huyo atakuwa na rafiki mmoja tu wa kulazimishwa.

Mtoto mwenye ualbino aghalabu ana uoni hafifu, na kukaa dawati la mbele hakumtoshi daima. Asomewe ubao kwa sauti ya chini, na dawati lake lisielekee dirisha la jua. Mwenye kiti cha magurudumu aulizwe kabla ya kusukumwa, kwani kiti kile ni kama miguu yake, na hakuna apendaye kubebwa miguu bila ya taarifa. Kwenye ukingo mrefu hushushwa kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia.

Kuhusu kifafa nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa hapo ujinga waweza kuua. Watoto wengi, na watu wazima pia, humkimbia anayeanguka kwa kuamini kwamba povu lake huambukiza. Haliambukizi hata kidogo. Msaidizi aliyefundishwa huondoa madawati karibu yake, humwekea sweta chini ya kichwa, hutazama saa, na mtikisiko ukipungua humlaza kwa ubavu. Hamtii kijiko wala kidole kinywani, wala hamshiki kwa nguvu. Mtikisiko ukipita dakika tano, apelekwe hospitali. Wakati wote huo awe amekwisha kumtuma mwenzake kumwita mwalimu.

Hapo tumefika kwenye mipaka, jambo ambalo shule nyingi hulisahau. Mwanafunzi msaidizi si yaya wala si muuguzi. Kumpeleka mwenzake msalani hadi mlangoni ni sawa. Kumvua na kumsafisha ni kazi ya mtu mzima aliyeajiriwa na kufundishwa, tena wa jinsia yake. Dawa zibaki mikononi mwa mwalimu. Wala asiwe mtoto mmoja mwaka mzima. Wakiwa wanne au watano wanaopokezana kwa wiki, hakuna atakayekosa masomo yake, na yule anayesaidiwa hataigeuza hisani ya mtu mmoja kuwa deni.

Nimesikia wazazi wakinung'unika, "Mimi nimempeleka mwanangu shule asome, si akawe mtumishi wa mtu." Siwalaumu. Pale ambapo mtoto hupewa kazi bila ya mafunzo, bila ya zamu na bila ya mwalimu wa kumwangalia, manung'uniko hayo ni ya haki. Lakini upande wa pili nao una manung'uniko yake ambayo husikika mara chache. Mtoto asiyeachwa hata kukosea mwenyewe, ambaye kila swali lake hujibiwa na msaidizi na kila mkoba wake hubebwa, humaliza shule akiwa hajui kuvuka barabara. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Katika kazi hii, ndugu msomaji, "nenda zako" ndilo fungu gumu la maneno hayo. Msaidizi mzuri huuliza, "Nikusaidie? Vipi?" Akiambiwa hapana, hukaa chini. Naye vilevile asaidiwe: kama mwenzake asiyeona anamshinda hesabu za kichwa, na jioni moja wakafanya majaribio pamoja, nani hapo ni msaidizi wa nani?

Ukihudhuria kikao cha wazazi, uliza mambo matatu tu: ni nani aliyewafundisha wanafunzi wasaidizi, wanapokezana vipi, na je, mtoto mwenye ulemavu mwenyewe aliulizwa anamtaka nani? Hilo la tatu mimi silikumbuki kuulizwa yule rafiki yangu. Huenda angalichagua mtu mwenye mwendo wa polepole.

Na leo, kwa kuwa ni Jumapili na watoto wapo nyumbani, jaribuni jambo moja. Mfunge mmoja wao macho kwa kanga, amshike nduguye juu ya kiwiko, watoke sebuleni hadi uani wachote maji ndoo ndogo na kurudi. Anayeongoza aseme kila kizingiti na kila kigoda kilicho njiani. Kisha wabadilishane, na zamu ya tatu iwe yako, mzazi. Hakikisheni tu kwamba jiko limezimwa.