Mafuta ya breki si mafuta

Kuna kosa moja la lugha lililoenea katika gereji zetu, tangu barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi hadi Kibuye mjini Kisumu, nalo si kosa la kuchekwa. Kiowevu kinachozifanya breki zishike tunakiita mafuta ya breki. Kile kinachourahisisha usukani tunakiita mafuta ya usukani. Mwenye gari asikiapo mafuta na mafuta, hudhani ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba penye upungufu wa hili laweza kutiwa lile. Laiti angalijua!

Mafuta ya usukani ni mafuta kwelikweli. Kiowevu cha breki, katika magari yetu mengi, ni kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo tabia zake ni kinyume cha mafuta. Mafuta na maji havipatani, lakini glaikoli huyapenda maji hata ikayavuta kutoka hewani. Mipira inayoziba mitambo ya breki nayo imeundwa kwa ajili ya glaikoli. Ikiguswa na mafuta hufura, ikalegea na kuharibika. Tone lililotiwa mahali pasipo pake laweza kumlazimisha mwenye gari kuibadilisha mipira yote, na hiyo ndiyo bahati njema. Bahati mbaya ni breki kukataa barabarani.

Hatari ya pili hutokana na hayo maji yanayovutwa. Kwa viwango vya Marekani, vinavyofuatwa katika nchi nyingi, kiowevu kipya cha DOT 3 hakipaswi kuchemka kabla ya kufikia nyuzi 205 za sentigredi. Kikiisha kuingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na nyuzi 230, kisha hushuka hadi 155. Sasa mfikirie dereva anayeteremka kuelekea Mai Mahiu akiwa amezikanyaga breki muda wote. Joto la breki huhamia katika kiowevu, maji yaliyomo yakageuka mvuke.

Hapa ndipo mwalimu wa fizikia anapohitajika. Kanuni ya Pascal yatueleza kuwa shinikizo katika kiowevu kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote, na ndiyo sababu mguu mmoja huweza kuyasimamisha magurudumu manne. Mvuke nao hukubali kubanwa. Dereva hukanyaga, pedali ikazama hadi sakafuni, na gari likaendelea na safari yake. (Malori makubwa hutumia breki za upepo, nisemayo yahusu magari madogo, pikapu na matatu za abiria 14.)

Dawa yake ni kukibadilisha kiowevu chote kila baada ya miaka miwili hivi, au kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Kuongeza kidogo kidogo hakutoshi, kwa kuwa maji yaliyokwisha kuingia hayatoki. Kazi hii yaweza kufanyiwa nyumbani na watu wawili makini. Gari huegeshwa mahali tambarare, magurudumu yakazuiwa kwa mawe, na likiisha kuinuliwa kwa jeki huegemezwa kwenye vigingi vya chuma. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee! Mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia. Mwenziwe hulegeza skrubu ya kutolea hewa gurudumuni, iliyovishwa kijimpira kinachoelekea chupani, kisha huikaza kabla pedali haijaachiliwa. Hurudia hivyo mpaka kitoke kiowevu safi kisicho na mapovu, gurudumu baada ya gurudumu, aghalabu wakianza na lililo mbali zaidi na kikopo cha kiowevu. Kikopo hicho kisikauke kamwe, la sivyo hewa itaingia. Pedali isipokuwa ngumu mwishoni, gari lisiondoke. Na baadhi ya magari yenye breki za ABS huhitaji mashine ya fundi.

Usukani una subira zaidi. Mafuta ya zamani huvutwa kikoponi kwa bomba la sindano, mapya yakatiwa, gari likaendeshwa kidogo, kisha kazi ikarudiwa mara kadhaa hadi rangi itakate. Aina ya mafuta ni ile iliyotajwa kitabuni. Magari mengi ya siku hizi hutumia usukani wa umeme, wala hayana mafuta hayo kabisa.

Mabaki yasimwagwe mtaroni wala shambani. Yatiwe katika vyombo viwili tofauti vyenye majina, yapelekwe gereji inayokusanya oili chafu. Mkebe wa kiowevu cha breki uliokaa wazi nao usitumiwe tena, kwani umekuwa ukinywa unyevu.

Watasema wengine kuwa kazi ya fundi aachiwe fundi. Sina ugomvi na fundi. Lakini mwenye gari asiyejua kinachofanywa hawezi kumwuliza fundi swali la maana, na abiria ndio watakaolipia ujinga huo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, ulinuia kumpa mwanafunzi ujuzi wa mikono. Mtaala wa umilisi uliofuata unaahidi yayo hayo. Basi mwalimu wa fizikia aitoe kanuni ya Pascal ubaoni aipeleke kwenye gari la shule. Mwalimu wa Kiswahili naye awafunze wanafunzi kusema kiowevu cha breki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ufa huu umo katika neno moja tu.