Barua ya Mgonjwa: Ifike, Tena Isomwe na Mwenyewe Tu

Fikiri kwamba umeugua siku nyingi. Mganga wako wa kila siku anakutuma hospitali kubwa, kwa mganga wa magonjwa ya moyo. Anaandika barua: jina lako, ugonjwa wako, dawa unazokunywa. Barua hii ikipotea, yule mganga wa pili aweza kukupa dawa isiyopatana na ile ya kwanza, nawe utaumia. Ikifunguliwa njiani, siri yako itafika sokoni kabla yako. Kwa hiyo barua ya mgonjwa inataka mambo mawili: ifike upesi, tena isomwe na yule tu aliyeandikiwa.

Sikiliza namna watu wa Denmark walivyofanya. Huko karibu kila mtu ana mganga wake wa jamaa, na huyo ndiye anayemtuma kwa waganga wengine. Waganga walikuwa na kompyuta tangu zamani, lakini kompyuta ya mmoja haikufahamu maandiko ya kompyuta ya mwingine. Barua ilitiwa posta, na aliyeipokea aliiandika tena. Hapo makosa yaliingia. Basi mwaka 1994 walianzisha kazi iitwayo MedCom. Hii haikuleta dawa mpya. Iliweka namna moja ya kuandika, ili kompyuta zote zisikilizane: barua ya kumtuma mgonjwa, barua ya kutoka hospitali, majibu ya damu, na cheti cha dawa.

Je, majina yakifanana? Tangu mwaka 1968 wakaaji wa nchi ile wanaandikwa kila mtu kwa namba yake ya tarakimu 10. Sita za kwanza ni siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa.

Je, mwizi hawezi kuisoma barua njiani? Ndiyo maana inafungwa. Njiani maneno yanageuzwa yawe alama zisizo na maana kwa mwizi, na yakifika kwa mpokeaji yanarudishwa. Kisha kompyuta yake inajibu: Nimepokea. Jibu lisipokuja, mpelekaji anajua kwamba imempasa kuuliza.

Tena mgonjwa hakusahauliwa. Mwaka 2003 walifungua katika intaneti mahali paitwapo sundhed.dk. Huko mtu anaweza kusoma habari za afya yake, hata kuona ni nani aliyezifungua. Anayechungulia bila kazi anaacha nyayo zake.

Lakini usidhani kwamba kufuli yatosha. Tarehe 14 Mei 2021 wezi walifunga kompyuta za kazi ya afya ya nchi ya Ireland, wakadai fedha. Waganga walirudi kwenye kalamu na karatasi, na wagonjwa wengi wakaambiwa wangoje. Wezi waliingia kwa mlango gani? Miezi miwili mbele, mfanyakazi mmoja alifungua barua ya uongo katika kompyuta yake. Nyumba ina kufuli njema, lakini mtu wa ndani akimfungulia mwizi, kufuli itafanya nini?

Basi, wewe ufanye nini?

1. Sema jina lako lote na mwaka wako wa kuzaliwa vilevile kila mahali. Usibadilishe.

2. Ukitumwa kwa mganga mwingine, uliza: “Barua yangu imefika?” Kuuliza si kukosa adabu.

3. Taja dawa zote unazokunywa, hata za nyumbani.

4. Usipeleke majibu yako ya damu kwa simu ya jirani. Usimpe mtu neno lako la siri.

5. Nawe mwuguzi, usifungue habari za mgonjwa asiye wako, hata akiwa ndugu yako.

Mgonjwa anatupa mwili wake tuuangalie, anatupa na siri yake. Tusiponye kimoja na kujeruhi kingine.