Gari la zamani na kanuni za moshi: Bomba jipya pekee halitoshi

Kama, Maniema. Katika barabara za udongo kati ya Kama na Kindu, makao makuu ya Mkoa wa Maniema mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC), gari la zamani husikika kabla ya kuonekana. Mawe hugonga bomba la moshi, tope hulishika, kutu hulila, na kwa kuwa limening'inia chini ya gari, ndilo huachia mapema. Mngurumo hugeuka mlio wa kupasua masikio, na harufu ya moshi huanza kupenya walikoketi abiria.

Dawa iliyozoeleka ni ya haraka: kata kilichooza, chomelea kipande cha chuma, safari iendelee. Kwa mwenye gari ambaye chakula cha nyumbani kinategemea safari hiyo, ni vigumu kumlaumu. Hata hivyo, swali lililokuwa la wakusanyaji wa magari ya kale huko Ulaya sasa linawafikia wenye Land Cruiser, Land Rover na Peugeot za zamani katika ukanda huu: je, gari la miaka ya 1970 linaweza kurudishiwa mfumo wake wa moshi kama lilivyotoka kiwandani na bado likakidhi kanuni za leo za hewa safi?

Jibu ni ndiyo, kwa sharti moja. Bomba hubeba moshi, haliutengenezi. Moshi hutengenezwa ndani ya injini, na mwenye gari anayenunua bomba jipya huku kabureta au pampu ya dizeli ikiwa mbovu, amebadilisha njia tu. Uchafu ni uleule.

Kanuni zabisha hodi

DRC ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) Aprili 8, 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Uanachama huo una mambo mengi yanayozungumzwa zaidi, kuanzia usalama hadi ushuru, lakini unaigusa pia gereji. Jumuiya ina viwango vya pamoja vya bidhaa, na kimojawapo ni EAS 1047 cha mwaka 2022, kinachohusu mipaka ya moshi unaotoka kwenye magari.

Baadhi ya wanachama walikwishatangulia. Kenya iliweka kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014, ambazo ziligusa pia moshi wa vyombo vya moto, na Tanzania iliweka za kwake mwaka 2007. Kuhusu umri wa magari yanayoingizwa, Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka minane, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kadiri gari linavyozeeka.

Wengi huchanganya mambo mawili hapa. Kikomo cha umri hulihusu gari linaloingia nchini. Gari ambalo limekuwa barabarani miaka 40 haliondolewi na kikomo hicho. Linachoweza kuulizwa ni kipimo cha moshi wake, na hicho ndicho mwenyewe anaweza kukifanyia kazi.

Mafuta nayo yamebadilika. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Mwaka 2015, nchi tano zilizokuwa wanachama wa EAC wakati huo zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Sehemu ya mafuta yanayofika mashariki mwa Kongo hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kasoro huweza kuingia baadaye, mafuta yanapohamishwa kutoka pipa hadi dumu na kutoka dumu hadi chupa za wauzaji wa kando ya barabara, ambao Wakongo huwaita kadhafi. Maji na uchafu vikiingia humo, injini haitachoma vizuri hata ingekuwa mpya.

Gari hupimwa kwa kipimo cha enzi yake

Hofu ya wenye magari ya kale ni kwamba watadaiwa usafi wa gari la mwaka huu. Uzoefu wa nchi zenye ukaguzi mkali unaonyesha vingine.

Nchini Uingereza, gari la petroli lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1, 1975 likipelekwa kwenye ukaguzi wa kawaida, moshi wake huangaliwa kwa macho tu. Lililoanza kati ya tarehe hiyo na mwisho wa Julai 1986 haliruhusiwi kutoa zaidi ya asilimia 4.5 ya kaboni monoksaidi injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwa yale ya kati ya Agosti 1986 na Julai 1992, kikomo ni asilimia 3.5. Magari yaliyofuata, yenye kifaa cha kusafisha moshi, hupimwa kwa ukali zaidi.

Ujerumani hutoa namba maalumu yenye herufi H kwa gari lililotimiza miaka 30 na kutunzwa katika hali yake ya asili, na gari hilo huruhusiwa kuingia katika maeneo ya miji yaliyofungiwa magari machafu. London husamehe gari la kihistoria lililozidi miaka 40 kwenye tozo ya moshi ya jiji.

Misamaha hiyo ina kitu kimoja kinachofanana na busara ya kawaida: gari halidaiwi kifaa ambacho halikuzaliwa nacho. Lakini Ujerumani haitoi herufi H kwa gari lililobadilishwa ovyo. Kwa hiyo kurejesha bomba la asili, lenye kipenyo chake na boksi lake la kupunguza kelele, ni njia ya kuipa hadhi hiyo sababu ya kuendelea kuwapo.

Kazi huanzia juu

Chukua mfano wa Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1984. Zile za petroli zilitumia injini ya silinda sita, ya F na baadaye 2F. Mafundi wengi hulala chini ya gari kutafuta tundu kwenye bomba, ilhali mara nyingi uvujaji uko juu, pale manifoldi inapoungana na injini.

Kwenye injini hizo, manifoldi ya kuingiza hewa na ile ya kutoa moshi ziko upande mmoja na zimefungwa pamoja, ya moshi ikiwa chini ili kuipasha joto ya juu yake. Baada ya miaka ya kupata joto na kupoa, chuma hujipinda na gasketi huanza kuvuja, hasa kwenye ncha. Dalili ni mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi, unaopungua kadiri chuma kinavyotanuka.

Kuweka gasketi mpya juu ya chuma kilichopinda ni kupoteza pesa. Manifoldi zote mbili zinapaswa kuunganishwa kwanza, kisha nyuso zake zisawazishwe kwa mashine zikiwa pamoja. Boliti za kuziunganisha hulegezwa kidogo wakati wa kufunga kwenye injini, ili kila moja ikae mahali pake, halafu zote hukazwa kwa awamu kuanzia katikati kwenda nje.

Baada ya hapo ndipo zamu ya bomba. Chuma cha kawaida ni rahisi kupinda na kuchomelea, lakini huoza upesi. Adui wake mkubwa yuko ndani: petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na gari linalokwenda safari fupi halipati joto la kutosha kuukausha. Maji hutuama kwenye boksi na kulila. Chuma cha pua hudumu zaidi, bei yake ikiwa juu.

Kwa barabara za Maniema, mambo mengine mawili hayafai kupuuzwa. Bomba lipite juu kadiri chasisi inavyoruhusu, likining'inizwa kwa mpira. Likishikwa kwa waya uliokazwa, litapasuka kwenye maungio kila gari linapotikisika. Na gari linapovuka maji, injini isizimike: msukumo wa moshi ndio unaozuia maji kupanda ndani ya bomba.

Rangi ya moshi husema ukweli

Mfumo ukishaziba, kinachobaki ni kuirekebisha injini yenyewe, na hapa fundi asiye na mashine ya kupimia moshi ana macho yake.

Moshi mweusi kwenye gari la petroli ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, boya la kabureta limekaa juu, au choki haifunguki. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, kutokana na ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa. Moshi mweupe mzito usiokoma baada ya injini kupata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda, mara nyingi kwa gasketi ya kichwa cha injini.

Kwa dizeli, moshi mweusi wakati gari limebeba mzigo huelekeza kwenye nozeli zinazomwaga mafuta badala ya kuyanyunyiza, au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi ili gari lipate nguvu. Nguvu hiyo ina gharama. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kazi zenyewe si za ajabu: kurekebisha nafasi za valvu, kubadilisha plagi na pointi, kupanga majira ya moto, kusafisha kabureta. Kwa injini ya kabureta iliyo na afya, hatua hizo zinaweza kuishusha kaboni monoksaidi chini ya vikomo vya enzi yake bila kuongeza kifaa chochote.

Masega yasitolewe ovyo

Magari yaliyokuja baadaye yana kifaa ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega, kwa jinsi vijitundu vyake vinavyofanana na sega la nyuki. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani yanayoigeuza gesi ya sumu kuwa isiyo na madhara makubwa. Thamani hiyo ndiyo inayoyaponza: hutolewa na kuuzwa, na mwenye gari huambiwa kwamba gari sasa litakuwa jepesi.

Masega yaliyoziba kweli hulinyima gari nguvu. Hata hivyo, huziba kwa sababu injini inakula oili au inamwaga mafuta yasiyoungua. Kuyatoa bila kutibu chanzo ni kuondoa ushahidi na kuacha ugonjwa. Na gari lililozaliwa nayo ndilo litakaloshindwa kipimo bila masega, kwa kuwa litahukumiwa kwa enzi yake.

Anayelipa yuko kiti cha nyuma

Kipimo cha serikali kinaweza kuchelewa kufika Kama. Kaboni monoksaidi haichelewi. Haina rangi wala harufu, na huanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, dalili ambazo msafiri aliyechoka hudhani ni za njia mbaya.

Gari likiwa kwenye mwendo, hewa ya nyuma yake huvutwa kurudi ndani. Bomba lililokatwa fupi na kuishia chini ya sakafu, turubai la nyuma likiwa wazi na madirisha ya mbele yamefungwa, huwapelekea moshi wale waliobanana nyuma, mara nyingi akina mama na watoto. Ndiyo maana kiwanda kililifikisha bomba hadi nje ya bodi.

Jaribio la kugundua uvujaji halihitaji maabara. Injini ikiwa bado baridi, iwashwe mahali pa wazi, kisha mtu mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito kilicholowa kwa sekunde chache. Mfumo uliofungwa vizuri hukisukuma kitambaa kwa nguvu na injini huelekea kuzimika. Ukisikika mlio wa kupuliza mahali pengine, hapo ndipo pa kufanyia kazi, na maji ya sabuni kwenye maungio yataonyesha tundu kwa mapovu.

Kwa mwenye gari anayetaka kulibakisha barabarani miaka ijayo, hatua za mwanzo ziko mikononi mwake: kuziba uvujaji, kuirekebisha injini, kulirejesha bomba hadi mwisho wake wa asili, na kuhifadhi stakabadhi za matengenezo. Ukaguzi ukifika, atakuwa na cha kuonyesha. Usipofika, abiria wake watashuka Kindu bila kuumwa kichwa.