NENO LA SIRI LA KARANI LISIWE MALI YA OFISI NZIMA



Siku hizi karani wa mishahara aliyeko Endiinzi anaweza kufanya kazi ya Mbarara bila kupanda gari. Anafungua programu, anaandika jina lake na neno la siri, na kioo cha mashine yake kinamwonyesha kompyuta ya makao makuu kana kwamba ameketi mbele yake. Kilo zilizopimwa, siku za kazi, makato, yote yamo humo. Mwenye neno hilo anaweza kumpunguzia kibarua siku tatu, na daftari la kompyuta litaandika kwamba aliyefanya hivyo ni karani. Ndiyo maana jambo hili linakihusu chama.

Programu humwuliza mtumiaji kama imkumbukie neno lake. Wengi wanakubali, wala hatuwalaumu, maana neno refu linachosha kuandika kila asubuhi. Lakini tuelewe linakwenda wapi. Katika Windows, neno hilo huwekwa ndani ya sanduku linalofungwa kwa ufunguo wa akaunti yako kwenye mashine hiyo. Mwizi aliyechukua mashine iliyozimwa hawezi kulisoma kwa urahisi, iwapo akaunti yako ina neno gumu. Lakini anayeketi kwenye mashine uliyoiacha wazi ukaenda kunywa chai hahitaji kulijua neno lenyewe. Anabonyeza tu, na mlango wa Mbarara unafunguka. Na makarani watatu wakitumia akaunti moja, sanduku ni la wote watatu.

Kwa hiyo hifadhi neno pale tu ambapo una akaunti yako peke yako, na ukiinuka funga kioo kwa kubonyeza pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi L. Kwenye mashine ya watu wengi usihifadhi kamwe. Huko Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu mwaka 1958, kompyuta moja ya kukodi hupita mikononi mwa Wakongo, Warundi, Wasomali na wenyeji kwa siku moja. Hatusemi kwamba watu hao ni wezi. Mashine haijui tu nani ameondoka na nani ameingia.

Mwenye maneno mengi atumie programu ya kuyatunza, kama KeePass, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti. Humo unakumbuka neno kuu moja tu. Hata karatasi iliyofungiwa nyumbani ni afadhali kuliko ile iliyobandikwa chini ya kibodi, ambayo kila mfagiaji anaijua.

Tena mwajiri aweke kufuli la pili, yaani namba inayobadilika, inayoonekana katika simu ya karani. Mwaka 2021 kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline huko Marekani iliingiliwa kwa neno la siri la akaunti ya kuingilia kutoka mbali, akaunti ambayo haikuwa ikitumika tena na haikuwa na kufuli la pili. Bomba lilisimama siku kadhaa, na kampuni ikawalipa wavamizi dola kama milioni 4.4. Basi karani akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Bosi akikuagiza umpe mwenzako neno lako, omba mwenzako afunguliwe akaunti yake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2011 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inahesabu kuwa kosa kutoa neno la siri bila idhini, basi agizo la namna hiyo liwe kwa maandishi.

Na mwanachama akishtakiwa kwamba amechezea mishahara, tawi lidai kumbukumbu za kompyuta kuu kabla ya kikao cha nidhamu. Zikiwa zimewashwa, huonyesha saa ya kuingia, jina lililotumika, na anwani ya mashine iliyotumiwa. Barua ipelekwe mara moja, kwa sababu kumbukumbu zikijaa, za zamani hufutwa zenyewe.