Kusomea Sayansi ya Bahari Ukitokea Karatu



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, Idd iliyopita mzee mmoja alinisimamisha nje ya msikiti akiwa na binti yake wa kidato cha nne. Binti anataka, Mungu akipenda, kwenda chuo kikuu kusomea mazingira ya bahari na pwani. Baba yake akaniuliza huku akicheka, ingawa halikuwa swali la utani: "Mwanangu, sisi huku tuna vitunguu, ngano na watalii. Hiyo bahari ataikuta wapi?" Aliniuliza mimi kwa kuwa nilipita madrasa hii hii, na fani hiyo ndiyo niliyosomea. Siku ile sikupata nafasi ya kumjibu vizuri, na walimu wakaniomba nijibu kwa wote katika jarida letu.

Kwanza tuondoe dhana kwamba hii ni elimu ya kuvua samaki. Ni elimu ya maji: yamebeba nini ndani yake, yanakwendaje, viumbe gani wanaishi humo, na sisi tunaokaa kandokando tunayafanyia nini. Nusu ya maswali yake yako hapa kwetu, tena mengine tunayala. Magadi tunayotia kwenye maharage yametoka wapi?

Tazama ziwa lililo chini ya kreta ya Ngorongoro, ambalo Wamasai huliita Makat. Mto Munge unaingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji yanapitia miamba na majivu ya volkano, yanachukua chumvichumvi kidogo kidogo, kisha jua linayanyonya maji na kuiacha chumvi. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka, utapata ziwa la magadi. Bahari nayo ilipata chumvi yake kwa njia inayofanana, ila yenyewe imebaki na kiasi cha gramu 35 katika kila lita. Ndani ya maji ya magadi huota vimelea vidogo vya kijani visivyoonekana kwa jicho, na hao ndio chakula cha heroe wadogo, wale ndege wa rangi ya waridi. Rangi yenyewe wanaipata katika chakula hicho. Mvua ikizidi, magadi yanapungua ukali, chakula kinabadilika, na ndege wanahama. Kwa hiyo mtoto wa Karatu aliyewahi kujiuliza kwa nini mwaka huu heroe ni wachache, ameshaanza somo la kwanza bila kulipa ada.

Twende Eyasi. Mvua zikiwa nyingi ziwa hujaa na watu huvua kambare na perege. Ukame ukishika hubaki tambarare nyeupe. Chemchemi zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola chanzo chake ni mvua inayonyea misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro na kuzama ardhini. Dawa na mbolea tunazoweka shambani haziwezi kupita mbali zaidi ya ziwa, maana ziwa halina mlango wa kutokea. Pwani swali ni lile lile kwa ukubwa mwingine. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mingine Afrika Mashariki, hupokea tope linaloletwa na mto kutoka bara. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji huko juu. Je, tope linalobaki bwawani litapunguza kitu gani kwa mikoko na kamba wa delta? Maswali kama haya ndiyo kazi yenyewe.

Na lipo jambo moja ambalo nyinyi wanafunzi wa madrasa mnawazidi wengine. Mnajua tarehe ya Hijria. Chuoni nilikuta wenzangu wanahangaika na majedwali ya kupwa na kujaa, na mimi nilikuwa nimeshaelezwa na mvuvi mmoja wa Unguja kwamba hesabu iko mwezini. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja: ndiyo bamvua, na maji hupanda na kushuka hata kufikia kiasi cha mita 4. Siku za saba au nane, na tena ishirini na mbili hivi, maji huwa mafu. Ukitaka kupima matumbawe au mwani wakati wa maji kupwa, kalenda iliyobandikwa ukutani hapa madrasani inakutosha kupanga safari.

Sasa njia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha shahada ya kwanza ya sayansi za majini na uvuvi, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar tangu 1978, ingawa hiyo zaidi ni ya utafiti na shahada za juu. Jirani zetu wa Kenya wana Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Asiyefika kidato cha sita asikate tamaa. Mbegani, Bagamoyo, hutolewa astashahada na stashahada za uvuvi. Kwa anayelenga shahada, kidato cha tano achukue PCB au CBG, na hesabu asiitupe. Mimi niliitupa. Mwaka wa pili nilianguka somo la takwimu nikalirudia, kwa sababu kuhesabu samaki ni rahisi, lakini kujua kama wamepungua kweli au umebahatisha tu siku mbaya ni hesabu tupu.

Wazazi wa mabinti huniuliza kuhusu stara. Nilifika chuoni sijui kuogelea. Ukikulia Karatu utajifunzia wapi? Nilijifunza na wanafunzi wenzangu wa kike, nikiwa na nguo ndefu za kuogelea na mtandio wa kubana. Botini tulisali kwa zamu, mara nyingine tumekaa, maana mawimbi hayamruhusu mtu kusimama. Kutapika nilitapika sana. Hilo nalo mjue.

Kuhusu fedha, zipo familia zilizokataa mkopo wa serikali kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka kulinda thamani ya deni, wakiiona kuwa ni riba. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Mimi si mtoaji fatwa. Ninachosema ni kwamba aliyekataa kabla ya hapo akawaulize masheikh upya, maana jambo lenyewe limebadilika.

Ajira? Nisiwadanganye, hazikungoji mlangoni. Wapo tuliomaliza pamoja waliokaa nyumbani miaka. Wengine wamechimba mabwawa ya samaki. Wengine wako Zanzibar na akina mama wa mwani, ambao kilimo chao kilianza 1989 na sasa aina yenye bei nzuri inawafia kwa joto la maji, hivyo inabidi waipande kwenye kina kirefu zaidi. Mwingine anapima maji katika Bodi ya Bonde la Kati, inayosimamia maziwa yetu haya ya Eyasi na Manyara.

Yule binti alikuja nyumbani wiki mbili baadaye na fomu ya kuchagua tahasusi. Tulikaa tukaijaza kwa penseli: CBG kwanza, PCB ya pili. Baba yake alisema ataipitia yeye kwanza, kisha aandike kwa wino.