Plagi Zatoka Ukutani Saa Tisa

Nilikuwa nimetoka kuzika. Mzee mmoja niliyewahi kufanya kazi naye alikuwa amerudishwa kwao, upande wa Manga, kaunti ya Nyamira, nchi ya Gusii, na hotuba zilipozidi kurefuka nikajiondoa polepole kwenda kutafuta boda. Barabarani, mwanamke aliyesimama kwenye baraza ya nyumba ya mabati aliniita: "Ndugu, ingia. Hutafika mjini."

Nikatazama juu. Jua lilikuwa linawaka. Wingu lilikuwa moja tu, jeupe, limekaa juu ya kilima bila haraka yoyote. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Niliingia kwa adabu tu, nikaketi, na kabla chai haijaletwa nikamwona akianza shughuli ambayo ilinisumbua hadi nikarudi kwake mara mbili baadaye.

Alianza na ruta. Hakuizima. Aling'oa plagi yake ukutani, akauzungusha waya mara tatu kiganjani na kuuweka juu ya meza ya mbao. Ukafuata waya wa antena ya setilaiti, ule unaoingia kupitia tundu la dirisha. Aliutoa kwenye kifaa chake akautupa nje, ukabaki ukining'inia juu ya maua ya mama yake. Kisha chaja ya kompyuta. Kisha ekstensheni. Kisha televisheni ya mama, jokofu la mama, na mwisho chaja ya simu ya mtoto wa jirani aliyekuja kuomba stima. Nilihesabu plagi sita, zimelala mezani kama samaki mnadani. Nje, jua bado.

"Kuzima swichi hakusaidii," alinieleza bila kuulizwa. "Ndani ya swichi kuna nafasi nyembamba kama ukucha. Radi imeshuka kutoka mbinguni, itashindwa kuruka hapo?"

Umeme ulipomulika mara ya kwanza alianza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Ngurumo ilifika akiwa ishirini na nne. Kila hesabu tatu ni kilomita moja, kwa hiyo radi ilikuwa umbali wa kilomita nane. Ngurumo ikimkuta hajafika thelathini, sheria yake ni kwamba hakuna mtu kugusa waya. Na baada ya ngurumo ya mwisho, hakuna plagi kurudi ukutani mpaka nusu saa ipite. Mama yake, aliyekuwa jikoni, alifunika kioo kwa leso. Binti hakumcheka. "Yeye ana kioo, mimi nina plagi," alisema.

Halafu mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati, na mazungumzo yakaisha. Hatukusikilizana hata tulipoinamiana. Alichukua daftari, akaandika mstari mmoja na kunigeuzia: *Sasa umeelewa kwa nini niliwaacha Wamarekani?*

Sikuwa nimeelewa chochote.

Aliniomba nisitaje jina lake. Alifanya kazi miaka saba katika kampuni ya bima jijini Nairobi, idara ya madai. Baadhi ya faili alizokuwa akizipokea, asema huku akicheka, zilikuwa za watu wa huku kwao walioteketezewa televisheni na radi. "Nilikuwa nasoma, napiga muhuri, napitisha kwa mkubwa. Sikujua najisomea maisha yangu." Machi 2020 korona ilipoingia nchini, walitumwa kufanyia kazi nyumbani. Walipoitwa warudi ofisini alikuwa ameshaonja. Mwaka 2022 aliandika barua ya kujiuzulu. Tangu hapo anatunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo za ng'ambo, na anahama. Mwanzoni mwa mwaka yuko Kilifi. Kisha Kampala au Kigali, ambako Mkenya huingia kwa kitambulisho chake cha taifa tangu 2014. Julai hadi Oktoba yuko hapa, kwa mama.

Wateja wake wa kwanza walikuwa wa New York. Walilipa vizuri na walipenda mikutano ya video. Sasa tazama saa. Miezi hiyo anayokuwa nyumbani, New York iko nyuma yetu kwa saa saba. Mteja anapoingia ofisini saa mbili asubuhi na kuketi na kahawa yake, Nyamira ni saa tisa alasiri. Yaani dakika ile ile Mmarekani anapofungua kompyuta, Gusii inafungua mbingu.

Si bahati mbaya, na watu wa hapa hawahitaji kuelezwa na mwandishi wa gazeti. Asubuhi jua huchemsha nchi kavu haraka kuliko maji, hewa yenye unyevu ikaondoka Ziwa Victoria na kupanda milima ya Gusii, ikakutana huku juu na upepo wa mashariki, na kufikia alasiri wingu limesimama kama mnara. Usiku mambo hugeuka na dhoruba huhamia ziwani. Ukanda wetu huu wote wa maziwa makuu una radi za kutisha. Katika orodha ya wanasayansi waliohesabu mimuliko kwa setilaiti, Kabare, mashariki mwa Kongo, ilishika nafasi ya pili duniani nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela.

Wiki yake ya tatu nyumbani radi ilipita kwenye nyaya ikaunguza ruta na chaja pamoja. Hilo alilimudu: betri ya kompyuta ilikuwa na saa nne, na simu ilikuwa na bando. Kilichomshinda ni mabati. Katikati ya mkutano, mvua ya mawe ilianza. Mteja alimuuliza kama yuko kiwandani. Akajibu kwamba ni mvua. Mteja akauliza mara ya pili. "Nilikuwa napayuka kama kondakta wa matatu, 'ni mvua, ni mvua!' Na yeye ananitazama tu. Nilijua nimekwisha."

Mkataba haukuongezwa. Alikaa mwezi mzima akila akiba. Ndipo akachukua karatasi na kufanya kile ambacho nadhani ofisini hakuna aliyewahi kumfundisha: alichora saa ya mvua, akatafuta nchi inayolingana nayo. Saa kumi na moja alfajiri Nyamira ni saa sita mchana Sydney. Leo mteja wake mkuu ni kampuni ndogo ya mafundi bomba huko Australia. Anaamka saa kumi usiku, mama yake angali amelala na jogoo ndio kwanza wanajaribu sauti. Saa sita mchana anafunga kompyuta. Mvua inamkuta akichuma mboga za chinsaga.

Malipo ni madogo kuliko ya New York, alikiri. Kiasi gani, hakusema.

Nilimuuliza kama majirani wanamwelewa. Akacheka tena. Mwanzoni ilisemekana amefutwa kazi. Baadaye ikasemekana ameachika, ingawa hajawahi kuolewa. Binti kurudi kwao Gusii na kukaa si jambo dogo, kwa sababu swali la kwanza ni ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika kaunti mbili ambazo mtu anazivuka kwa gari asubuhi moja. Mashamba yamegawanywa mpaka mengine ni mistari ya migomba na majani chai. "Kaka zangu walitulia walipoona sitaki hata futi moja," alisema. "Mimi nataka chumba na dirisha. Waya wangu hauhitaji hatimiliki."

Hapo ndipo ninaposhindwa kushangilia moja kwa moja. Oktoba 2024 Rais William Ruto alitangaza kibali maalumu kwa wageni wanaotaka kuja kuishi Kenya huku wakiwafanyia kazi waajiri wa nje kwa kompyuta. Ni wazo zuri, na hoteli za Diani zitawapokea kwa mikono miwili. Lakini huyu wa Manga, anayeleta dola zilezile na kuzitumia Nyamira sokoni, ametengewa nini? Hana pensheni ya mwajiri. Hana likizo ya ugonjwa. Akiugua wiki mbili, mafundi bomba wa Sydney watapata mwingine, na huenda akawa programu ya kompyuta na si mtu. Nilimuuliza hilo la mwisho. Alinyamaza kwa muda mrefu, akasema: "Nalijua. Usiliandike kwa herufi kubwa."

Na je, anajiona amerudi nyumbani, au anapita tu kama anavyopita Kilifi? Alimtazama mama yake kabla ya kujibu, na mama yake akajifanya anakoroga chai. Hakujibu. Mimi nina dhana yangu, lakini ni yangu.

Ziara ya mwisho nilimkuta saa tisa kamili, kazi ile ile, ruta kwanza. Safari hii nilimsaidia: mimi televisheni, yeye jokofu. Ngurumo ya mwisho tuliisikia saa kumi na moja kasoro dakika kumi, mbali, upande wa ziwa. Akatazama saa ya ukutani, akangoja nusu saa yake hadi ikatimia. Plagi ya kwanza kurudi ilikuwa ya jokofu la mama. Zake aliziacha mezani mpaka saa kumi za usiku.